Neno la Kulima

Kabla hapajapambazuka, palisikika kibuyu kikikwangua kitako cha ghala. Lilikuwa ghala la udongo, kubwa kama mtu aliyechuchumaa, na Mma-Sethunya alikuwa ameingiza mkono wake mpaka begani. Alikwangua, akatulia, akakwangua tena upande wa pili. Ndani ya nyumba mumewe Seitshiro alikuwa macho akisikiliza. Binti yao Sethunya, aliyewapa wazazi majina yao ya Mma-Sethunya na Rra-Sethunya, alikuwa macho pia, mtoto wake mchanga akinyonya. Sauti ile ilikuwa imekwisha kusema yote.

Nje ardhi ilinuka mvua. Ilikuwa imenyesha mchana kutwa, mvua kubwa ya kwanza ya mwaka, na maji yalikuwa bado yamesimama katika nyayo za ng'ombe. Seitshiro alitoka, akakaa kwenye kigoda chake, akaunyoosha mguu wa kulia, ule uliovunjwa na jiwe migodini Johannesburg na kuungwa vibaya.

"Umeamkaje, Mma-Sethunya?"

"Nimeamka. Wewe je?"

"Nimeamka." Aliutazama mkono wa mkewe uliojaa vumbi la ghala. "Mtama umebaki?"

"Wa kula umebaki kidogo. Wa mbegu sijaugusa."

"Usiuguse."

"Siugusi. Lakini utakaa kwenye chungu mpaka lini? Watu wanahamia mashambani leo. Gaditshwane anafunga mizigo tangu jana. Neno la kulima limetolewa."

"Na nani?"

Mma-Sethunya alipangusa vumbi mkononi. Walikuwa wameyazungumza hayo, wakayarudia, wakachoka.

Pale kijijini Letswere hakuna mtu aliyetia chuma ardhini kabla chifu hajasema. Chifu aliyatazama mawingu, shamba lake likalimwa kwanza, kisha akasimama kwenye kgotla, uwanja wa mkutano mbele ya zizi lake, akasema: nendeni mkalime. Aliyetangulia alitozwa ng'ombe, na mvua ya mawe ikipiga mazao ya watu, alinyooshewa kidole yeye. Lakini majira ya baridi yaliyopita lori la serikali lilikuwa limemchukua chifu wao, Kgosi Mokgwathi, kwa sababu alikataa kutangaza sheria mpya, likampeleka kukaa chumba cha kupanga huko Mmasebele, kwenye stesheni ya reli. Kiti chake akapewa baba yake mdogo, Ramotlhwa. Na sasa ni Ramotlhwa aliyesimama kwenye kgotla akasema: nendeni mkalime.

"Nilisimama mbele ya wanaume wote," alisema Seitshiro, "nikasema namjua chifu mmoja. Leo nisimame tena niseme nawajua wawili, kwa kuwa imenyesha?"

Sethunya alisema kutoka ndani, "Baba, mtama hauulizi nani kasema."

"Nyonyesha mtoto, mwanangu."

"Ndicho ninachojaribu, baba."

*

Gaditshwane alifika jua likichomoza, fimbo begani, suruali ameikunja hadi magotini. Alikuwa jirani, na kwa miaka mingi nyumba hizi mbili zililima pamoja. Kila mmoja alikuwa na maksai wawili, na wanne hao walivuta plau ambayo Seitshiro aliinunua kwa mshahara wa mgodini, mguu ukiwa bado mzima.

"Rra-Sethunya, jua litatukuta hapa kama wanawali. Wangu wamekwisha kunywa. Wako bado wanacheua tu, wanatutazama kama wageni wa harusi."

"Kaa, unywe maji."

"Maji leo yako kila mahali, nije kuyanywa kwako?" Hata hivyo alikaa. Alipoona hakuna kamba wala nira iliyotolewa nje, uso wake ukabadilika. "Usiniambie kuwa ulisema kweli."

"Silimi."

"Sikiliza, mzee mwenzangu. Na mimi nampenda Mokgwathi. Baba yake alimpa baba yangu ng'ombe wa kukamua, sisi tukanenepa kwa maziwa yake. Huyu Ramotlhwa mimi simsikilizi, nasikiliza mvua."

"Basi isikilize."

"Na Mokgwathi mwenyewe, unadhani anajua kama upo? Anajua una ng'ombe wawili au ishirini? Atakuletea unga kwa treni?"

"Pengine hajui."

"Pengine hajui," alirudia Gaditshwane, akamgeukia Mma-Sethunya aliyekuwa anakoroga uji. "Dada, huyu ulimtoa wapi?"

"Nililetewa," alisema Mma-Sethunya. "Ng'ombe wa mahari walikuwa wazuri, tukakubali."

Gaditshwane alicheka, lakini hakuinuka. Maksai wawili hawawezi kuupasua udongo wa Letswere kwa mara ya kwanza. Alijua hivyo, na Seitshiro alijua. Alichorachora chini kwa ncha ya fimbo. Watoto wake walikuwa wengi na wadogo, na ghala lake halikuwa na kitu tofauti na hili.

"Chukua wangu," alisema Seitshiro.

"Unasemaje?"

"Chukua maksai wangu, na plau. Nira iko nyuma ya nyumba. Kamba moja ya ngozi imelika, uitazame isije ikakukatikia."

Mwiko wa Mma-Sethunya ulisimama ndani ya chungu, kisha ukaendelea.

"Mimi nilime kwa ng'ombe wako, na shamba lako lilale?"

"Aliyesema maneno mbele ya watu ni mimi. Watoto wako hawakusema."

Gaditshwane alitafuta mzaha, hakuupata. Alivua kofia yake ya sufu, akaivaa tena, akaenda nyuma ya nyumba. Alipowatoa wale maksai alitembea haraka nyuma yao bila kugeuka, kama mtu aliyewaiba.

"Umempa," alisema Mma-Sethunya.

"Nimemwazima."

"Na sisi?"

"Sisi tunangoja."

Alimpakulia uji. Alimpa mwingi kuliko aliojiwekea mwenyewe, kama kila siku.

*

Kijiji kilihama. Magari ya ng'ombe yalipita na vyungu, kuku na vikongwe juu yake, na baada ya hapo hapakuwa na moshi ila nyumba moja huku, moja kule. Kila asubuhi Seitshiro alichukua kiti chake, akachechemea mpaka kwenye kgotla, akakaa na wenzake waliokataa pamoja naye. Mwanzoni walikuwa kundi zuri tu. Kisha mmoja akasema mkewe anaumwa huko shambani, hana budi akamtazame. Mwingine hakusema kitu, kiti chake kilikosekana tu. Hakuna aliyemuulizia. Mwishowe alibaki Seitshiro na mzee Keoagile, ambaye alikuwa kiziwi, na huenda hakuwahi kusikia mtu yeyote akisema watu wakalime.

Mma-Sethunya na binti yake walichuma mboga za porini, wakazianika, wakazila kabla hazijakauka. Maziwa ya Sethunya yalipungua. Mumewe alikuwa mgodini na hajatuma salamu tangu mavuno yaliyopita. Mtoto alilia sana, halafu akawa halii sana. Bibi yake aliona afadhali ya kwanza.

Adhuhuri moja, wakati jua limewafukuza hata mbwa njiani, alikuja mwanamke amejifunika shali nzito isiyofaa kwa joto lile. Alikuwa Mma-Tumediso, mke wa Ramotlhwa. Yeye na Mma-Sethunya walichezwa unyago pamoja, rika moja, na zamani walikuwa wakiitana kwa majina ya utoto.

"Hodi humu."

"Karibu, Mma. Karibu, kaa."

"Usinikaribishe kwa sauti." Alitoa beseni chini ya shali. "Mtama. Ni wa mwaka juzi, una wadudu kidogo. Uupete."

Mma-Sethunya alilitazama beseni. Hakunyoosha mkono.

"Pokea, dada, mkono wangu unauma."

Akapokea.

"Usimwambie mumeo. Wangu sitamwambia."

"Wangu atauliza."

"Mwambie umeokota." Mma-Tumediso alikaa kwenye mkeka, akapangusa shingo. "Unadhani mimi nimenenepa katika ile nyumba? Hakuna anayekuja kuketi nami. Wakinisalimu wananitazama miguu. Mume wangu naye usiku hageuki kitandani, amelala kama gogo, macho wazi. Watu wa serikali walimwambia akikataa yeye, Letswere italetewa mtu wa kabila jingine. Sasa kakubali, na watu ni wale wale."

"Pole."

"Na wewe pole."

Alimchukua mtoto wa Sethunya, akampakata, akampima mkononi kama mtu apimavyo tikiti, akamrudisha. Kisha akajifunika shali yake, akaondoka kwa kupitia nyuma, kwenye miiba.

Jioni Seitshiro alimega tonge, akalitazama.

"Mtama huu umetoka wapi?"

"Kwa watu."

Tonge lilikaa mkononi. Letswere nzima ilikuwa na nyumba moja tu yenye mtama wa mwaka juzi. Alikula. Alikula polepole mpaka sahani ikaisha, akasema asante, hakuuliza tena. Mma-Sethunya alimshukuru moyoni kwa kutokuuliza.

*

"Nakwenda Mmasebele," alimwambia mumewe siku chache baadaye.

"Kufanya nini?"

"Kama neno haliji huku, nitalifuata lilipo."

"Mwanamke hasimami mbele ya chifu kuomba neno la kulima. Hilo linaombwa na wanaume, kwenye kgotla."

"Basi nenda wewe."

Seitshiro aliutazama mguu wake. Mtoto alikohoa ndani.

"Sitasimama," alisema mkewe. "Nitapiga magoti. Nitasema nimekuja kumsalimu."

"Mvua ikikatika kabla hujarudi?"

"Itakuwa imekatika."

Seitshiro alimpa blanketi lake, lile la kijivu la mgodini, kwa kuwa la mkewe lilikuwa na matundu. Hakumkataza tena. Alimwambia tu, "Mwambie Seitshiro anamsalimu. Mwambie, yule wa mguu."

Gari la ng'ombe lililobeba ngozi kutoka dukani lilikuwa linakwenda stesheni. Mwenye kuliendesha, mzee aliyekosa meno ya mbele, alimwona amesimama kando ya njia na kifurushi chake.

"Panda, mama. Kaa juu ya ngozi. Zinanuka, lakini hazina maneno mengi."

Hakumtoza kitu. Njiani alimgawia mkate mkavu, akajifanya hautaki mwenyewe kwa sababu ya meno.

*

Chumba cha Kgosi Mokgwathi kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya mabati, nyuma ya tangi la maji la treni. Mlangoni alikaa askari kwenye kiti, kijana Mtswana wa kabila la kusini, vifungo vyake vimesuguliwa vizuri.

"Jina, mama?"

Akamtajia.

"Umekuja kuzungumza nini naye?"

"Kumsalimu."

"Salamu tu?"

"Salamu tu, mwanangu."

"Basi ingia. Lakini ujue mimi nakaa hapa hapa, na masikio yangu ni mazima." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake shimo njiani.

Chifu alikuwa ameketi kwenye sanduku la mafuta ya taa. Koti lake lilikosa kifungo cha katikati. Mma-Sethunya alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, akasema, "Phuti." Ndilo jina la mnyama wa ukoo wao, na ndivyo chifu wa Letswere alivyosalimiwa. Uso wa mtu yule ulifunguka kidogo, kama hakuwa amelisikia kwa muda mrefu.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Wa Seitshiro, Kgosi. Anakusalimu. Yule wa mguu."

"Ah. Wa mguu."

Haikujulikana kama alimkumbuka.

Aliuliza nani amekufa, akaambiwa. Aliuliza kama kisima cha juu kina maji. Mkewe, mwanamke mrefu aliyekuwa akishona pembeni, alileta maji kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili, kama mgeni wa heshima.

"Mvua?" aliuliza chifu.

"Ilinyesha, Kgosi."

"Watu wamelima?"

"Wamelima. Wengine bado."

"Kwa nini bado?"

Mma-Sethunya alitazama sakafu. "Wanangoja neno lako, Kgosi."

Mlangoni kiti kililia kidogo. Chifu alitazama mlangoni. Treni ya mizigo ilipita, kikombe kikatetemeka kwenye mkeka, nao wakangoja imalize.

"Mama, nilitia sahihi. Sitapeleka neno lolote Letswere. Na neno la kulima ni neno. Nikilitoa, watanipeleka mahali ambapo hutafika kwa gari la ngozi."

"Ndiyo, Kgosi."

"Ni wengi wanaongoja?"

Mma-Sethunya alimfikiria mzee Keoagile, asiyesikia.

"Si wengi sana."

"Si wengi," alisema chifu. Aligusa mahali pa kifungo kilichokosekana, akashusha mkono.

Hapo mkewe aliweka ushonaji chini. "Mgeni ametoka safari na vumbi lake. Njoo, mama, unawe uso."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Kati ya ukuta wa mabati na waya wa reli palikuwa na kipande cha ardhi, si kikubwa kuliko ua wa mtu maskini. Kilikuwa kimelimwa. Mtama ulikuwa umeota kwa mistari, kijani, umefika karibu na goti, na miboga ilitambaa katikati yake.

Mma-Sethunya alisimama na maji mikononi, yakamwagika.

"Ulipandwa lini?"

"Siku ile ile mvua ya kwanza iliponyesha. Alishika jembe mwenyewe. Nikamwambia niachie, hakuniachia." Mke wa chifu alimimina maji mengine. "Mimi nakuonyesha mahali pa kumwaga maji tu, mama. Mwaga pale, kwenye boga."

Kutoka mlango wa mbele askari angeweza kuona kila kitu kwa kupitia chumba. Mma-Sethunya alipogeuka, askari alikuwa amekigeuza kiti chake, akatazama barabara. Akampa mgongo wake, mpana, uliosimama wima, mpaka wanawake walipomaliza.

*

"Amepanda," alimwambia mumewe aliporudi, kabla hajatua kifurushi.

"Alisema?"

"Hakusema. Amepanda. Shamba la chifu limekwisha kulimwa, Rra-Sethunya. Nimeuona mtama kwa macho yangu."

"Umefika kimo gani?"

Aliinama, akaweka kiganja chake kwenye mguu wa mumewe, chini ya goti. Seitshiro alikitazama kiganja kile.

"Basi ulikuwa umekwisha pandwa," alisema, "siku nilipompa Gaditshwane maksai."

"Ulikuwa umekwisha pandwa."

Seitshiro aliinuka. Alichukua fimbo, akaenda mashambani kwa miguu, akichechemea, njia ambayo mwenye miguu mizima huimaliza asubuhi moja. Yeye alifika jua likielekea kuzama. Gaditshwane alikuwa anapalilia. Mtama wake ulikuwa mzuri.

"Rra-Sethunya! Umepotea njia?"

"Nimefuata maksai wangu."

"Neno limetoka?"

"Limeota."

Gaditshwane alimtazama, akautazama na mguu wake. Alikuwa na maneno ya kumwambia. Alikuwa ameyaandaa kwa wiki nyingi, maneno ya kuchekesha kuhusu watu wanaongoja treni. Aliyaacha yote.

"Wako peke yao hawatavuta," alisema. "Kesho alfajiri nakuja na wote wanne. Leo unalala hapa. Mma-Pelonomi, mzee anakula kwetu," alimwambia mkewe.

Walilima shamba la Seitshiro haraka, Gaditshwane akishika plau, mkewe akiongoza ng'ombe, na Mma-Sethunya na Sethunya, waliofuata na chungu cha mbegu, wakizirusha nyuma yao, mtoto mgongoni. Ardhi ilikuwa imeanza kukauka juu. Seitshiro alikaa ukingoni mwa shamba kwa sababu ya mguu, akawa anawaita maksai kwa majina yao.

Mvua ilirudi mara moja tu, kisha ikakoma. Mtama ulipotoa masuke, masuke yalikuwa mafupi, na ndege wakayamaliza mengi. Shamba la Gaditshwane, kandokando yake, lilivunwa kwa siku nyingi. Alileta gunia, akaliweka mlangoni, akasema ni kodi ya plau. Hawakuwahi kutozana kodi ya plau.

Hata hivyo halikutosha. Sethunya alimwachisha mtoto ziwa, akapanda treni kwenda Transvaal, kwenye nyumba ya Mzungu mmoja aliyetaka msichana wa kufua. Asubuhi ya kuondoka alimfunga mtoto mgongoni mwa mama yake mwenyewe, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Unambana," alisema Mma-Sethunya.

"Asianguke."

"Haanguki."

Baba yake alitaka kusema kitu. Alisema njia iwe njema.

*

Baada ya mavuno, watu wa Letswere humpelekea chifu kikapu cha shukrani. Mwaka ule vikapu vilikwenda kwa Ramotlhwa, na yeye alivipokea akiwa ameketi, akivitazama kama madeni. Seitshiro alisuka kikapu kidogo, akakijaza nusu.

"Hatuna," alisema mkewe.

"Najua hatuna."

Walikwenda pamoja, wao na mtoto, juu ya ngozi za mzee asiye na meno.

Askari alikuwa mwingine, lakini aliwaruhusu. Chumba kilikuwa kile kile. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na pale palipokuwa na mtama palikuwa na kokoto nyeusi za reli, zimemwagwa na kusawazishwa. Mke wa chifu alimwona Mma-Sethunya akitazama.

"Walisema ni ardhi ya reli," alisema. "Ulikuwa bado mbichi. Tulichemsha majani ya maboga."

Seitshiro alishuka chini kwa shida, mguu umenyooka mbele, akasukuma kikapu kwenye sakafu. Chifu alikitazama, kisha akawatazama wao, viwiko vyao, na mtoto.

"Kirudisheni nyumbani."

"Hakirudi, Kgosi. Kimekwisha toka."

"Shamba lako lilitoa kiasi gani?"

"Kidogo. Nililima nimechelewa. Nilikuwa nangoja." Alikuwa amelibeba swali hili kutoka Letswere, na kabla ya hapo kwa msimu mzima. "Kgosi, ule mtama uliopanda pale nyuma. Ulikusudia tuuone?"

Chifu hakutazama mlangoni safari hii.

"Siku ile sikuwa naifikiria Letswere," alisema. "Nilikuwa na njaa. Posho ilikuwa imechelewa."

"Ndiyo, Kgosi."

"Ningesema uongo ningekupendeza."

"Hapana, Kgosi. Ni vizuri umesema."

Seitshiro alikaa akitazama magoti yake. Mkewe alingoja aone kama atakasirika au atalia, lakini hakuna lililokuja. Alikuwa tu kama mtu anayesubiri mguu uache kufa ganzi.

Mke wa chifu alichukua kile kikapu, akakaa chini na jiwe la kusagia, akaanza kusaga bila kumuuliza mtu. Mma-Sethunya akaenda kumsaidia. Walisonga ugali, wakapakua, na sahani ya mwisho ikapelekwa mlangoni kwa askari, aliyesimama kuipokea na kuvua kofia. Walikula wote. Chifu alimkatia mtoto vipande vidogo, akavipuliza, akamlisha kwa mkono wake, naye mtoto akafungua kinywa tena na tena. Alipomaliza alimpangusa mdomo kwa upindo wa koti.

Gari la ngozi lilikuwa linawangoja barabarani. Chifu aliwasindikiza hadi kwenye waya, hapo alipoambiwa asivuke, akasimama na mikono juu ya nguzo. Zamani, alipoinuka kwenye kgotla, wanaume waliinuka naye, mamia. Sasa alimngoja Seitshiro apandishwe, mguu kwanza, kisha mwili, mzee wa gari akivuta na Mma-Sethunya akisukuma.

"Seitshiro," aliita.

"Kgosi."

"Mwakani msilete kitu."

"Ndiyo, Kgosi."

Mzee wa gari alishika mjeledi. Chifu aliinua mkono, si kwa kuaga.

"Lakini mje," alisema. "Hata mikono mitupu. Hata wewe, mama, peke yako na mtoto. Njooni tena mnisalimu."